Viashiria vya ugonjwa wa fizi katika mate

Viashiria vya ugonjwa wa fizi katika mate ni protini, vimeng'enya au bakteria ambavyo vikipimwa husaidia kujua kama mtu ana ugonjwa wa fizi na kama ugonjwa huo unaendelea kula mfupa. Kipimo cha mate hakihitaji sindano wala eksirei. Kwa sababu hiyo kinafaa kufikiriwa katika maeneo ambako daktari wa meno yuko mbali, kama vijiji vinavyozunguka Kolandoto mkoani Shinyanga na machimbo ya Geita.

Ugonjwa wenyewe

Ukoga unaokaa shinani mwa jino hulea bakteria. Ufizi huvimba na kutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Hali hiyo bado huweza kupona kabisa. Isipotibiwa, kwa baadhi ya watu ufizi huachana na jino, mfuko hutokea katikati, na mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo. Mfupa huo haurudi wenyewe. Kwa kuwa mara nyingi hakuna maumivu, wengi hufika hospitalini meno yakiwa yanacheza.

Si kila kinywa kichafu hufikia hapo. Mwaka 1988 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji (huyu wa mwisho ndiye aliyekuja kuanzisha jarida la Pambazuka) walichapisha uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga mgumu na fizi za kutoka damu vilikuwa vimeenea mno, lakini mifuko mirefu ilikuwa kwa wachache. Kazi ngumu basi ni kuwatambua hao wachache mapema.

Kinachopimwa

Kiashiria kilichochunguzwa zaidi ni MMP-8, kimeng'enya kinachotolewa hasa na chembe nyeupe za damu na kinachokata kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ufizi na jino. Kikiwa katika hali ya kufanya kazi, ni dalili kwamba uharibifu unatokea sasa. Timo Sorsa wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, na wenzake walikitengenezea kipimo cha haraka: mtu husukutua maji, huyatema kikombeni, na majibu husomwa baada ya dakika chache kwa mistari, kama kipimo cha malaria. Mpaka uliozoeleka ni nanogramu 20 kwa mililita.

Vingine ni interleukini-1 beta, interleukini-6, mabaki ya kolajeni ya mfupa, na bakteria Porphyromonas gingivalis. Kimoja peke yake hakitoshi. Vikiunganishwa majibu huwa bora.

Hatua za ugonjwa

Mpangilio wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 una hatua I hadi IV na madaraja A hadi C. Hatua hupangwa hasa kwa kiasi cha mshikio wa jino uliopotea: milimita 1–2 ni hatua I, 3–4 ni hatua II, na 5 au zaidi ni hatua III au IV. Aliyepoteza meno 5 au zaidi kwa ugonjwa huu yuko hatua IV. Daraja huonyesha kasi, na huongezwa na sigara na kisukari.

Hapa ndipo mate yana kikomo. Milimita hueleza hasara ya miaka iliyopita, mate hueleza ya leo. Mgonjwa wa hatua IV aliyetibiwa vizuri anaweza kuwa na MMP-8 ya chini. Kijiti cha kupimia mfuko hakijapata mbadala.

Shinyanga na Geita

Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Kuvuta mvuke wake kwa muda mrefu huvimbisha fizi, huleta ladha ya chuma na kuongeza mate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima zebaki katika damu, mkojo na nywele za watu wa Rwamagasa, Geita. Kwa mtu wa namna hiyo kipimo cha mate chahitaji tahadhari: mate mengi huzimua kiashiria, na uvimbe unaoonekana huenda una chanzo kingine. Virusi vya UKIMWI navyo huleta magonjwa ya fizi ya aina yake.

Meno ya rangi ya kahawia, yanayoonekana Shinyanga kutokana na floridi nyingi katika baadhi ya visima, si ugonjwa wa fizi, ingawa huchanganywa nao.

Sampuli za maabara hutunzwa kwenye baridi kali kwa sababu vimeng'enya vya mate huharibu protini nyingine. Zahanati isiyo na friza hubaki na kipimo cha haraka. Hurudiwa baada ya fizi kusafishwa, na matibabu yakifaulu kiwango cha MMP-8 hushuka.