Kodi ya Kichwa cha Mtoto



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita mama mmoja aliuliza kama ni dhambi mzazi kukataa mchango wa shule, hali Serikali imekwisha kutangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Tulimjibu kwa haraka, kila mmoja kwa neno lake, tukaendelea na mambo mengine. Mimi, niliyeanza kufundisha mwaka 1992, sikuridhika na jibu langu mwenyewe. Swali lake lina historia, nayo ni historia ya kodi.

Wakati wa mfalme Leopold II kodi ilitozwa kwa jasho na kwa mpira wa msituni. Amri ya mwaka 1903 iliweka saa 40 za kazi kwa mwezi, lakini katika vijiji vilivyolazimishwa kuleta mpira hakuna aliyehesabu saa hizo. Ubelgiji ilipochukua nchi mwaka 1908, mambo yalibadilika kwa namna yake: tangu 1910 kodi ilianza kudaiwa kwa fedha, na kila mwanaume mzima mwenye nguvu alipaswa kuilipa. Shabaha haikuwa kujaza hazina tu. Mtu asiyekuwa na franka alilazimika kuzitafuta mahali zilipo, yaani katika machimbo ya Katanga, kwenye njia ya reli au katika mashamba ya makampuni. Aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa gerezani. Mke alibaki na jembe na watoto, ingawa jina lake halikuandikwa katika kitabu cha kodi. Hiyo ndiyo kodi ya kichwa: haiulizi mtu ana nini, inahesabu vichwa tu.

Upande wa shule, misioni zilijenga na kufundisha, na tangu miaka ya 1920 koloni ilianza kuzipa ruzuku. Mwishoni mwa 1974 utawala wa Mobutu ulizitwaa shule hizo zote. Haukuweza kuziendesha. Mwezi wa pili wa 1977 Serikali na makanisa walitia sahihi mapatano ambayo hata leo ndiyo msingi wa shule tunazoziita za mapatano: Kanisa linaongoza shule, Serikali inaweka programu na kulipa walimu. Tukumbuke jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: kufuatana na mapatano hayo, shule ya parokia ni shule ya umma. Mshahara wa mwalimu wake ni deni la bajeti ya taifa.

Deni hilo ndilo lililoacha kulipwa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka katikati ya miaka ya 1970, madeni ya nje yakaongezeka, na katika miaka ya 1980 kila programu ya kurekebisha uchumi ilipunguza fungu la elimu. Pale mapato yalipokosekana, Serikali ilichapa noti. Mwanzoni mwa 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano, wachuuzi wakaikataa, na Kinshasa ikaporwa. Mwezi wa kumi wa mwaka uleule zaire milioni tatu za zamani zikawa zaire mpya moja. Mjane aliyeweka akiba yake chini ya godoro hakutembelewa na mtoza kodi yeyote. Hata hivyo fedha yake ilikwenda kulipia matumizi ya Leta. Kwa hiyo naihesabu noti ile kati ya kodi za nchi hii, ingawa haikuandikwa kwa jina hilo.

Kodi ya pili isiyo na jina ilizaliwa shuleni. Walimu walikuwa wamegoma kwa muda mrefu, na mwaka wa masomo ulikuwa unapotea. Maaskofu na chama cha wazazi walikubaliana kwamba mzazi aongeze kitu juu ya mshahara wa mwalimu ili watoto warudi darasani. Tuliita primu. Ilikuwa dawa ya dharura, na wasiokuwapo wakati ule wasiwahukumu upesi walioitoa, kwa maana bila dawa hiyo kizazi kizima kingebaki barabarani. Lakini dharura hiyo ilidumu zaidi ya miaka 25.

Nami niliishi kwa primu. Niliandika majina katika daftari, nikatia alama mbele ya waliolipa, na Jumatatu asubuhi niliwaondoa darasani wasiokuwa na alama. Wengine walikuwa wanafunzi wangu wa katekisimu siku ya Jumapili. Nilijiambia kwamba nami nina watoto wanaokula, na hilo lilikuwa kweli.

Sasa tuipime primu kama tunavyopima kodi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, na papo hapo inamdai kila mtu achangie mizigo ya taifa. Primu haikupitia Bunge. Ilipangwa katika mkutano wa wazazi, na aliyekosa kuhudhuria aliikuta imepangwa. Mfanyabiashara mwenye mtoto mmoja alilipa mara moja, mkulima mwenye watoto sita alilipa mara sita. Ilikuwa kodi ya kichwa iliyorudi, safari hii juu ya kichwa cha mtoto, nayo iliwalemea zaidi wale waliopokea watoto wengi kama zawadi ya Mungu, jinsi sisi wenyewe tulivyowafundisha katika maandalizi ya ndoa. Fedha ilipopungua, mara nyingi binti ndiye aliyebaki nyumbani kwanza.

Tena primu haikuishia mfukoni mwa mwalimu. Sehemu ilipanda kwa mkuu wa shule, kwa ofisi za ukaguzi, kwa ofisi za juu, pamoja na zile za Kanisa letu. Kila ngazi ambayo bajeti ya taifa iliisahau ilijilisha kwa karo ya mtoto.

Someni sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia. Watu wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba yao na kukopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Nehemia anakasirika, anawakutanisha wakubwa, na anakiri kwamba yeye na ndugu zake nao wamekopesha. Tena hakula posho ya liwali aliyostahili. Sijui kama tumewahi kuisoma sura hiyo katika mkutano wa komite ya wazazi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ileile kilikuwa kimekwisha kusema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Ilibidi kungoja Septemba 2019 neno hilo lianze kutekelezwa. Watoto waliingia kwa wingi, madawati yakakosekana, na walimu wengi wakafundisha bila kuwa katika orodha ya mishahara. Mwaka 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma. Mahali pengine michango imerudi kwa majina mengine: ya ukarabati, ya mlinzi, ya karatasi za mtihani. Ndipo mama yetu anapouliza swali lake.

Jibu langu sasa ni hili. Katekisimu ya Kanisa inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri, na hakuna anayetaka mama huyo aukwepe. Lakini mchango usio na sheria, usio na hesabu iliyosomwa mbele ya watu, haumfungi dhamiri kama kodi. Akiutoa kwa hiari ni sadaka. Akiukataa, asiitwe mkosefu, na mtoto wake asitolewe darasani.

Naomba mkutano ujao upokee pendekezo moja: tuwaandikie wasimamizi wa shule zetu, kwa heshima, tuwaombe wawasomee wazazi hesabu ya primu tangu 1993 hadi 2019, kiasi gani kilibaki shuleni na kiasi gani kilipanda. Daftari zangu nimezihifadhi. Nitakuja nazo.