Mbwa wa Nani Huyu?

Januari mwaka jana rafiki yangu anayesoma Ulaya alinitumia video ya kijibwa kinachotembezwa kwenye theluji. Kilivishwa koti jekundu na viatu vinne vya mpira, na kila baada ya hatua chache kilisimama, kikainua mguu mmoja kana kwamba kimekanyaga moto. Nilicheka sana. Miezi sita baadaye nilikuwa nje kidogo ya Sumbawanga, saa kumi na mbili asubuhi, nimeshika kamba, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na kijibwa kimevalishwa mkono wa sweta la marehemu babu.

Wanaoijua nchi hii kwa joto la Dar es Salaam hawaamini ukiwaambia habari za baridi ya Ufipa. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Theluji hatuna, lakini Juni na Julai upepo hupita juu ya uwanda usio na miti mingi ya kuuzuia, na umande wa asubuhi hupenya viatu hadi vidole vikafa ganzi. Wazee wetu waliijua baridi hii kabla ya mitumba. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba Wafipa walilima pamba na kufuma nguo zao wenyewe. Babu hakufuma. Alikuwa na sweta moja la kijivu, na kila alfajiri alilivaa, akatoka kwenda kuangalia shamba, kijibwa kikimfuata nyuma.

Babu alifariki mwezi wa Mei. Siku ya kuanua matanga wazee walikaa, baba mdogo akaandika kwenye daftari. Mbuzi walipata mtu. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipata mtu, baiskeli ikapata mtu, hata redio isiyotoa sauti ikagombewa na watu wawili. Mbwa hakutajwa. Si kwa chuki. Kila mmoja alidhani mwenzake atamchukua. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nami sikusema neno.

Niliporudi likizo ya Julai nilimkuta bado yuko kwenye nyumba ya babu, mbavu zinahesabika. Jirani alikuwa akimtupia ugali akikumbuka. Kila alfajiri alitoka peke yake, akaenda hadi shambani, akakaa, akarudi. Nikaamua kwenda naye. Kamba niliifunga kwa sababu ya pikipiki, lakini kwetu mbwa wa kufungwa kamba na kutembezwa ni kioja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbwa anaumwa?"

"Haumwi, mama. Tunatembea tu."

"Na hilo sweta?"

"Baridi, mama."

Alinitazama, akamtazama mbwa. "Mbwa wa nani huyu?"

Sikuwa na jibu. Nikasema wa babu, kana kwamba babu yuko nyumbani anatusubiri.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu wapagazi wa karne ya 19. Kwa hiyo swali lile lilinirudisha kwenye ukurasa mmoja ambao mwaka wa kwanza ulinikasirisha. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka pwani ya kusini, karibu na mto Ruvuma, kuanza safari yake ya mwisho. Msafara ulikuwa na watu, ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala, punda, na mbwa mmoja mdogo aina ya pudeli, jina lake Chitane. Wanyama wale wakubwa walikufa mmoja baada ya mwingine. Kijibwa kiliendelea. Shajara ya Livingstone inaeleza jinsi kilivyojifanya msimamizi wa msafara: kinakimbia mbele kumwona wa kwanza, kinarudi nyuma kumhimiza wa mwisho, na jioni kinafukuza mbwa wa kijijini wasisogee karibu na kibanda cha bwana wake.

Tarehe 15 Januari 1867, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Zambia, walivuka bwawa la matope lenye upana wa kama kilomita moja na nusu, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia. Wengine walikuwa wameshughulika na kuvuka. Walipofika ng'ambo, Chitane hakuwepo. Alikuwa ameogelea katikati yao mpaka nguvu zikamwishia. Pudeli ni mbwa waliozalishwa Ulaya kwa kazi ya majini, kuchukua bata waliopigwa risasi, hivyo sidhani kama alikufa kwa kutojua kuogelea. Alikufa kwa sababu hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kilichonikasirisha ni hesabu ya majina. Mbwa amepewa jina, tabia na maombolezo. Wapagazi wengi waliobeba mizigo ya msafara huo hawakupata hata nusu ya mistari hiyo. Niliandika pembeni kwa penseli: mbwa ana wasifu, watu hawana. Bado naona ni kweli. Lakini baada ya matanga ya babu niliurudia ukurasa ule nikaona jambo jingine. Kila mtu siku ile alikuwa na mzigo wake, na kila mmoja alidhani mwenzake anamwangalia. Nilikuwa nimeketi kwenye kikao cha namna hiyo.

Siku tano baadaye, Januari 20, sanduku la dawa lilitoroshwa, na shajara ikahamia kwenye msiba huo mkubwa zaidi.

Miongoni mwa waliovuka bwawa lile walikuwepo Chuma na Susi. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, hao wawili, pamoja na Jacob Wainwright na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi tisa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Katika nusu ya pili ya 1873 walipita na mzigo huo katika nchi ya Wafipa. Baadhi ya wenzao walikufa njiani. Bwana wao alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, mbele ya umati. Siwezi kuwaita watu wasiojali kwa sababu ya mbwa mmoja. Walimkumbuka yule ambaye dunia nzima ingewauliza habari zake. Mbwa hakuna angemuuliza, ila mtu aliyemzoea.

Wiki ya mwisho ya likizo nilimwomba baba mdogo lile daftari. Akaniuliza kama nimedhulumiwa kitu. Nikasema hapana. Chini ya orodha, baada ya redio, nikaandika: mbwa mmoja, mdogo, wa kahawia. Kisha nikamrudishia.

Alisoma, akakuna kidevu. "Sasa huyu anakwenda kwa nani?"

Shangazi alikuwa anapepeta maharage pale uani. Hakuinua kichwa. "Mleteni kwangu. Ila asiingie jikoni."

Baba mdogo akaandika jina lake mbele ya neno mbwa. Kesho yake alfajiri nilimpeleka. Upepo ulikuwa mkali na umande mwingi, na kila baada ya hatua chache alisimama akainua mguu mmoja, kama yule wa kwenye video. Yule mama tulikutana naye tena pale pale njiani, akauliza swali lile lile.

"Wa shangazi," nikasema.