Kulipia Shahada ya Elimu ya Masafa Pasipo Mkopo wa Serikali

Wapo waamini wetu wa Magoma, na wa vigango vingine vya Korogwe na Handeni, ambao tayari wana kazi na familia, nao wanatamani shahada: mwalimu wa shule ya msingi, mhudumu wa zahanati, karani wa shamba la mkonge. Hawawezi kuacha kazi waende kukaa chuoni. Kusoma wakiwa nyumbani ndiyo njia iliyo wazi kwao. Linalobaki ni swali la ada.

Mkopo na mipaka yake

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili kuwasaidia wanafunzi wahitaji. Miongozo yake imekuwa ikiwaweka kando wenye ajira ya mshahara, na kuweka ukomo wa umri. Kwa sababu hiyo, mtu mzima aliye kazini na ajipange mapema kama atakayejilipia.

Kwenda kwa mwendo wa mfuko

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, kina kituo cha mkoa mjini Tanga. Shahada ya kwanza huweza kukamilishwa kwa miaka mitatu, au kutandazwa hadi minane. Ada ya masomo huhesabiwa kwa kozi. Hivyo mwanafunzi huweza kuchukua kozi chache katika mwaka wa shida na kuongeza baada ya mavuno mema. Anayetumia miaka sita badala ya mitatu hupunguza mzigo wa ada wa kila mwaka kwa nusu. Lakini akumbuke kwamba tozo zinazolipwa kila mwaka hujirudia kadiri miaka inavyoongezeka.

Kuketi na kupiga hesabu

Bwana wetu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama zake (taz. Lk 14:28). Mume na mke waketi pamoja, waandike si ada pekee, bali pia tozo za usajili na mitihani, bando la intaneti, nauli na malazi ya safari za Tanga. Kisha waulizane: ni kiasi gani kinaweza kutengwa kila mwezi bila kugusa chakula, matibabu na shule ya watoto? Jibu hilo ndilo liamue idadi ya kozi.

Kujihadhari na mikopo

Akiba ya SACCOS au VICOBA, iliyoanzwa hata mwaka mmoja kabla ya kujiandikisha, ni salama kuliko deni. Mikopo ile iitwayo kausha damu iepukwe kabisa. Shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi huzaa riba ya shilingi 120,000 kwa mwaka, na deni lenyewe bado halijapungua. Mtumishi wa umma azingatie pia kwamba makato hayapaswi kumwachia chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Wala shamba la familia lisiuzwe kwa ajili ya ada ya muhula mmoja.

Kabla ya kulipa

Tuhakikishe kwamba chuo na programu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hasa tunapovutwa na vyuo vya nje vinavyofundisha kwa intaneti. Malipo kwa chuo cha umma yafanywe kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na chuo chenyewe, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Risiti zote zitunzwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki ya elimu kwa sababu ya hadhi yake. Haki hiyo haizeeki mtu anapopata kazi na watoto. Anayesoma kozi mbili kwa mwaka, akazilipia kwa jasho lake na nyumba yake ikabaki na amani, asijione amechelewa. Jumuiya Ndogo Ndogo zimtie moyo, na pale inapowezekana zimpunguzie majukumu wakati wa mitihani.