Bomba Lipitishalo Maneno

Bila shaka, msomaji, umewahi kumwona mtunza bustani akitaka kufikisha maji kwenye miche iliyo mbali. Mpira wake ukiwa mfupi, huunga kipande kingine, na maji yakaendelea na safari yake. Jambo hilo tunaloliona kuwa dogo ndilo lililomjia akilini Douglas McIlroy, mtaalamu wa hisabati wa Bell Labs huko Marekani, alipoandika waraka mfupi wa tarehe 11 Oktoba 1964. Alitaka programu za tarakilishi ziungwe mfano wa mipira ya bustani: moja ikimaliza kuishughulikia data, iimimine katika ile inayofuata.

Waraka huo ulikaa zaidi ya miaka minane pasipo kutimizwa. Katika muda huo, mwaka wa 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix, mfumo wa kuendesha tarakilishi, katika maabara hiyo hiyo iliyoko Murray Hill, jimbo la New Jersey. Ndani ya Unix mlikuwa na programu iitwayo sheli, ambayo kazi yake ni kupokea amri za mtumiaji na kuzitekeleza, kama mkalimani asimamaye baina ya mgeni na mwenyeji. Lakini ulipotaka majina yaliyotolewa na programu moja yapangwe na programu nyingine, ilikubidi kwanza uyaweke katika faili ya muda, kisha uiamrishe programu ya pili iisome faili hiyo, na mwisho ukumbuke kuifuta. Ilikuwa ni kuteka maji kwa mtungi ilhali mto wapita mlangoni.

McIlroy alikuwa mkuu wa idara yao, walakini hakupenda kuwalazimisha watu wenye vipaji kama wale. Aliwasihi tu, mwaka nenda mwaka rudi, tangu 1970 hata 1972. Na baadaye alisimulia kwamba nusura atumie cheo chake. Hatimaye, mwaka wa 1973, Thompson alikubali, na kazi yenyewe akaifanya kwa usiku mmoja. Hakutengeneza bomba peke yake, bali alizirekebisha pia programu nyingine zipate kuyapokea yale yanayomiminwa ndani yake. Kulipokucha, wenzake walikuwa wakishindana kuunganisha amri kwa furaha kama ya watoto. Alama ya bomba, yaani mstari mmoja wa wima, ilifuata muda si mrefu.

Usidhani kwamba bomba hilo ni waya. Ni nafasi ndogo tu iliyotengwa na mfumo. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka wa 1975, nafasi hiyo ilikuwa baiti 4096, ambazo hazizidi kurasa mbili tatu za kitabu. Je, kitabu kizima chawezaje kupita humo? Siri yake ni kungojana. Nafasi ikijaa, programu inayoandika hulazwa usingizi mpaka ile inayosoma ipunguze. Ikiwa tupu, ile inayosoma nayo hungoja. Kwa njia hiyo hata mlango mwembamba huweza kupitisha shehena kubwa, almuradi pasiwe na haraka.

Mwaka huo huo wa 1973 Unix iliandikwa upya kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Ritchie. Hata hivyo, kulitumia bomba ndani ya programu ya C kulihitaji hatua kadhaa, mpaka toleo la saba lilipotoka mwaka wa 1979 likiwa na wito uitwao popen. Tuseme programu yako yataka kujua ni nani wanaoitumia tarakilishi saa hii. Waipa popen maneno mawili: amri ya who, na herufi r, yaani unakusudia kusoma. Popen huiita sheli, sheli huitekeleza amri, nawe wasoma majibu mstari kwa mstari kana kwamba wasoma faili ya kawaida. Ukitaka kuimiminia amri maneno badala ya kusoma, utaandika w. Ukimaliza, pclose hulifunga bomba, huingoja amri ifike mwisho, na hukuarifu kama ilifaulu.

Lakini urahisi huo una mtego, maana sheli hutii kila iambiwalo. Nukta na mkato, kwake, ni mwisho wa amri moja na mwanzo wa nyingine. Kulikuwa na programu iliyoitwa phf, iliyotolewa kama mfano pamoja na seva za wavuti za NCSA na Apache. Mtu aliandika jina, nayo ikalitia jina hilo ndani ya amri ya kutafuta katika orodha ya simu. Waandishi wake waliiona hatari, wakaweka kinga ya kuzizuia alama zote mbaya. Ila waliisahau moja, ile isiyoonekana kwa macho, alama ya kuanza mstari mpya. Mnamo Machi 1996 kituo cha CERT kilitoa onyo. Mgeni yeyote aliye mbali, kwa kuipachika alama hiyo katikati ya jina, aliweza kuiendesha seva kwa amri zake mwenyewe, na wengi walianza kwa kuitaka faili ya nywila.

Njia iliyo salama zaidi ni kumwacha mkalimani kando kabisa. Programu ya C yaweza kutengeneza bomba kwa wito wa pipe, ikajizalia pacha kwa fork, kisha pacha huyo akaigeukia programu inayotakiwa kwa exec, na jina la mtu likapelekwa kama lilivyo, bila kufasiriwa na sheli. Hatua hizo tatu ndizo popen yenyewe huzifanya kwa siri, isipokuwa pacha wake humwita sheli.