Watson Arudishiwa Akili Zake

Sinema ilimdhulumu Daktari Watson. Kwenye hadithi za Arthur Conan Doyle ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa vitani Afghanistan, jasiri na mwandishi hodari. Lakini katika filamu 14 za Hollywood za kati ya 1939 na 1946, Nigel Bruce alimgeuza mzee mbumbumbu wa kuchekesha watu, na Sherlock Holmes wa Basil Rathbone akazidi kung'ara kando yake. Watazamaji wakauzoea uzushi huo.

Michael Cox, mtayarishaji wa kituo cha televisheni cha Granada jijini Manchester, ndiye aliyeamua kurudi kwenye maandishi kwa mfululizo mpya. Yeye na wenzake walizipekua hadithi zote, wakakusanya faili la kurasa 77: Holmes huvaa nini, hula nini, tumbaku yake huiweka wapi (ndani ya kiatu cha Kiajemi, kwa anayetaka kujua). Mtaa wa Baker ulijengwa upya penye studio, na michoro ya Sidney Paget, iliyotoka katika jarida la Strand kuanzia 1891, ikawa kipimo cha makoti, kofia na hata mikao ya waigizaji. Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 24 Aprili 1984.

Holmes alikuwa Jeremy Brett, ambaye mwaka 1980 aliwahi kuwa Watson jukwaani Los Angeles. Watson akawa David Burke, na kuanzia 1986 Edward Hardwicke, ambaye mapema tu alikabidhiwa mtihani mgumu: muuza vitabu mzee mwenye kibiongo anaingia chumbani, Watson anageuza macho kidogo, akirudisha anamwona Holmes aliyemlilia kama marehemu. Anazimia. Ndivyo Doyle alivyoandika, na Hardwicke hakuifanya kichekesho.

Uaminifu huo haukudumu siku zote. Mwaka 1988 Holmes alifukia sindano yake ya kokeini kwenye mchanga wa ufukwe wa Cornwall. Doyle hakuandika hivyo, ila Brett aliomba ruhusa kwa Jean, binti wa mwandishi. Hilo linasameheka. Kuvuta hadithi fupi ya bwana harusi mkabaila hadi ikawa filamu ndefu, mwaka 1993, na kumjaza Holmes majinamizi, ni vigumu zaidi kulitetea.

Wakati huo Brett alikuwa mgonjwa. Katika kipindi kimoja cha 1994 upelelezi ulibidi ufanywe na Mycroft, kaka yake Holmes. Brett alifariki Septemba 1995, akiwa ameacha vipindi 41.