Tangazo na Tukio: Habari za Vita vya Kagera, 1978–1979

Vita vilivyopiganwa kati ya Tanzania na Uganda tangu Oktoba 1978 hata Juni 1979 vilifuatwa na watu wengi kwa sikio kuliko kwa jicho. Magazeti ya Dar es Salaam yalichelewa kufika mikoani, na waandishi wa habari kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kukaribia medani. Ikabaki redio. Msikilizaji wa Bukoba aliweza kufungua Redio Tanzania, kisha Redio Uganda, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akapata vita vitatu visivyofanana katika usiku mmoja. Mwanahistoria anayerudi leo kwenye matangazo hayo hana budi kuyachukua kama hati nyingine zozote. Yampasa kuangalia neno lililosemwa, siku liliposemwa, na lile lililonyamaziwa.

Tangazo la kwanza la kuangaliwa lilitangulia tukio lenyewe. Katika mwezi wa Oktoba 1978, serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba majeshi ya Tanzania yameivamia Uganda. Uvamizi huo haukuwapo. Mwisho wa mwezi ule ule askari wa Amin ndio waliovuka mpaka kwenda kusini, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni sehemu ya Uganda. Yafaa kukumbuka jinsi nchi hiyo ilivyo. Mpaka uliorithiwa kutoka kwa Wadachi na Waingereza hufuata mstari ulionyooka ramani­ni, digrii moja kusini ya Ikweta, wala haujali mto. Kwa hiyo liko pande la Tanzania, eneo lake kilomita za mraba zipatazo 1,800, lililo ng'ambo ya Kagera, na njia yake kuu ya kuungana na nchi nyingine ilikuwa daraja la Kyaka. Wavamizi walilivunja daraja hilo, wakapora ng'ombe na mali ya kiwanda cha sukari, wakaua raia. Maelfu ya watu walikimbilia kusini, na waliochelewa walikwama ng'ambo.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere alisema na taifa mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Maneno matatu ya hotuba ile yangali yakitajwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa: sababu, nia na uwezo. Aghalabu huchukuliwa kuwa uzito wao ni mmoja. Kwa habari za kijeshi sivyo ilivyokuwa. Sababu ilikuwa dhahiri, na nia haikuwa na shaka. Lakini uwezo, siku zile, ulikuwa bado njiani. Vikosi vingi vilikuwa mbali sana na mpaka ule na vilipaswa kusafirishwa kwa reli na kwa barabara mbovu. Daraja lilikuwa majini. Ndege tatu za kivita za Tanzania zilikuwa zimeangushwa karibu na Musoma na mizinga ya Watanzania wenyewe, waliodhani ni za adui. Basi aliyesikia kwamba uwezo upo, akadhani ameelezwa hali ya medani, alikosea aina ya usemi. Ilikuwa ahadi, na taifa zima lilitakiwa kuitimiza. Wanamgambo, polisi, askari wa Magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliitwa, na kwa majuma machache jeshi likawa kubwa mara kadhaa kuliko lilivyokuwa. Jina la mashambulio yenyewe, Operesheni Chakaza, lilichaguliwa kwa ufasaha, kwa kuwa kitu hakichakai siku moja.

Tarehe 14 Novemba Amin alitangaza kwamba amewaondoa askari wake wote. Dar es Salaam ilikanusha. Wanajeshi wa Tanzania walipojenga daraja la muda na kuvuka mto, walikuta vijiji vitupu, nyumba zilizoteketezwa na maiti ambao hawajazikwa.

Mpaka hapo atakayepima ukweli wa pande mbili ataipa Tanzania alama nyingi. Tangu Januari 1979 kazi yake inakuwa ngumu zaidi. Mutukula ilitwaliwa mwezi huo. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, na Mbarara siku iliyofuata. Msimamo wa Dar es Salaam ulikuwa kwamba kuna vita viwili: Watanzania wanailinda nchi yao, na Waganda wanapigana na mtawala wao. Msimamo huo haukuwa uongo mtupu. Wakimbizi wa Uganda walikuwamo medanini, wa Kikosi Maalum na wa Yoweri Museveni. Lakini mizinga mikubwa na vifaru havikuwa mali ya wakimbizi, na mtu mwenye ramani aliweza kuona jinsi majina ya miji yalivyozidi kupanda kaskazini. Sababu ya kuficha yaeleweka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeapa kuiheshimu mipaka ya kikoloni, na Nyerere mwenyewe alikuwa mtetezi mkubwa wa kanuni hiyo, naye alimshutumu Amin kwa kuivunja.

Hata hivyo usemi wa vita viwili ulifunika pia jambo lisilokuwa la mabalozi. Mutukula ilibomolewa na askari wa Tanzania kwa kulipiza kisasi cha Kagera, na raia, wakiwamo wazee, waliuawa. Nyerere alipopata habari alitoa amri kwamba raia wasidhuriwe. Redio haikuyasema hayo. Yalikuja kuelezwa katika kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey kilichochapwa Dar es Salaam mwaka 1982, na huko kuchapwa kwake mjini humo ni jambo la kuheshimiwa.

Mwezi wa Machi ukaleta Walibya. Walipigana bega kwa bega na askari wa Amin huko Lukaya, tarehe 10 na 11, wakashindwa. Muammar Gaddafi kisha aliitaka Tanzania iondoke Uganda kwa muda wa saa chache, na ndege yake moja ikatumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala waliofugwa huko. Habari hii ilisambaa upesi kuliko habari za Lukaya, ingawa Lukaya ndiko mambo yalikoamuliwa.

Kwa wenye kuchunguza lugha, vita hivi vina jambo lake la pekee: majeshi yote mawili yaliamrishwa kwa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya askari katika Uganda tangu enzi ya Waingereza, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Raia wengi wa Buganda walikijua kama sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara. Sasa wakaja askari wengine wenye lugha ile ile, wakaitwa wakombozi. Na mizinga yao ya maroketi ikaitwa saba saba. Upande wa Tanzania neno la kale, nduli, liliondoka vitabuni likaingia vinywani mwa watoto, likashikamana na jina la Amin hata leo ni vigumu kulitumia kwa mtu mwingine.

Tarehe 11 Aprili 1979 Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza kwa redio ya Kampala kwamba mji umetwaliwa. Kwa mara moja, tangazo na tukio vilikutana. Amin alipata mtambo mahali pengine akakanusha. Vita viliendelea mpaka tarehe 3 Juni, majeshi yalipofika mpaka wa Sudan, lakini wasikilizaji walikuwa wamekwisha kupungua; majina ya miji ya kaskazini hayakuwa na maana kubwa kwa mtu wa Tabora au Lindi, isipokuwa kama mwanawe alikuwa huko. Mwaka ule ule Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina jipya, Kagera, na huko Kaboya, katika Muleba, yako makaburi ya askari waliokufa.