Bwawa linapasha mto: historia tangu Kipopo mpaka mabonde ya miji yetu

Katika miji mingi ya Kongo, wakaaji wanachimba mabwawa ya samaki mabondeni, kando ya vijito. Chini yao wako wengine, pamoja na familia zilizokimbia vita, wanaofua na kuvua katika maji hayo hayo. Jambo moja linasahauliwa: maji yanayotoka bwawani yana joto kuliko yale yaliyoingia.

Historia yake ni ndefu. Kisha vita kuu ya pili ya dunia, serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilitaka raia wapate samaki wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kituo cha utafiti kilifunguliwa Kipopo, karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000, mengi yakiwa madogo. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na wataalamu kuondoka, mengi yaliachwa, nyasi zikayafunika.

Wafugaji wale walilitaka joto. Tilapia hakui vizuri katika maji yaliyo chini ya digrii 20. Bwawa linampa joto hilo kwa sababu maji yamesimama, kina ni kifupi, hakuna kivuli, na jua linayapiga kutwa.

Lakini faida ya bwawa inaweza kuwa hasara ya mto. Marekani na Kanada waliliona hilo mijini mwao. Tangu miaka ya 1970 walichimba mabwawa mengi ya kuzuia maji ya mvua yanayoshuka kutoka mapaa na barabara. Mafuriko yalipungua, ila katika miezi ya joto maji ya bwawa yalipasha vijito, na samaki aina ya trauti, wanaopenda baridi, wakataabika.

Sababu ni hewa. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye digrii 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwenye digrii 30 hubeba 7 na nusu. Kijito cha mjini kinapokea pia takataka, na zikioza zinakula oksijeni hiyo hiyo. Samaki wanakufa, maji yananuka. Na katika bwawa lililoachwa, joto linaharakisha kukua kwa viluwiluwi vya mbu.

Dawa yake haihitaji mashine. Miti ikipandwa kando ya mfereji wa kutokea, inaleta kivuli. Bomba la kutolea maji likichukua ya chini, yaliyo baridi, badala ya yale ya juu, mto haupati joto sana. Maji hayo ya chini yakianguka juu ya mawe, yanapata hewa upya. Bwawa lisilo na mwenyewe linafaa kukaushwa.

Mwenye bwawa anavuna samaki wake juu. Mama anayetega kikapu chake chini, kijitoni, naye anategemea maji hayo hayo.